Mtaalamu wa ziwa yuko Nyegezi, Bugando na Mwaloni

Hapa Mwanza, samaki wakielea wamekufa alfajiri kwenye vizimba vya kufugia samaki Ziwa Victoria, kabla ya saa nne habari ishaenea kwenye simu: sumu ziwani. Anayenukuliwa na sisi waandishi ni mwenye vizimba aliyejaa hasira na, akipatikana, mwenyekiti wa mtaa. Mtaalamu hayumo kwa sababu, tunaambiwa, wataalamu wako Dar es Salaam.

Hiyo ni dhana ya kwanza, na inavunjwa kwa nauli ya daladala tu. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ina kituo Mwanza. FETA inafundisha uvuvi Nyegezi. NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ina kituo hapa ambacho kimechunguza kichocho kwa miaka mingi, na chuo cha madaktari kiko Bugando pamoja na hospitali.

Dhana ya pili ndiyo inayotuponza zaidi: kwamba mwenye cheo kikubwa ndiye anayejua. Mwandishi anampigia mkuu wa taasisi, anajibiwa "uchunguzi unaendelea", anakata simu akinung'unika. Hakudanganywa. Aliuliza swali la maabara kwa mtu wa mezani. Anayefaa ni mtafiti anayeshusha kipimo cha oksijeni majini. Yeye ndiye atakayekueleza kwamba maji ya chini ya ziwa mara nyingi yana oksijeni kidogo, na upepo ukiyavuruga yakapanda juu, sato walio kizimbani hawana pa kukimbilia. Sumu nayo inawezekana. Kwa hiyo usimuulize "nini kimeua samaki?" Muulize: samaki wa nje ya vizimba nao wamekufa? Oksijeni ilipimwa saa ngapi, na kwa kina gani? Sampuli zilichukuliwa kabla jua halijapanda au baada? Majibu yake yatakupa habari hata kama chanzo bado hakijajulikana.

"Wataalamu wanatukimbia kwa maringo," waandishi hulalamika. Wapo wenye maringo, sikatai. Lakini mtumishi wa umma kwa kawaida anahitaji ruhusa ya ofisi yake, kwa hiyo anza na afisa habari na umpe maswali kwa maandishi. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ila inampa mwenye taarifa hadi siku 30 kujibu. Ni nzuri kwa makala ya ufuatiliaji, haina msaada kwa taarifa ya saa mbili usiku. Wengine wanakwepa kwa sababu wameshaungua: walisema "inawezekana", wakasoma gazetini "imethibitishwa". Dawa yake ni kumsomea kwenye simu maneno yake mwenyewe kabla hayajatoka. Si kumpa makala yote aifanyie uhariri. Hapo umempa kalamu.

Halafu ile ya kwamba mvuvi si mtaalamu. Mtaalamu wa nini? Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi hupumzika. Mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba atakuambia kwa nini bei imepanda wiki hii, bila kufungua kitabu chochote. Usimuulize habari za oksijeni, basi.

Wapo pia wanaodhani mtaalamu hana upande. Daktari wa mifugo anayeuza chakula cha samaki anaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu vifo vya vizimbani, lakini msomaji ana haki ya kujua anauza nini. Sentensi moja inatosha. Na anayetaka posho ndipo azungumze, mwache na posho yake.

Namba za simu za wataalamu hawa zitafutwe siku ziwa limetulia, si siku ya tukio. Zihifadhi kwenye simu kwa kazi ya mtu, kwa kuwa wakubwa huhamishwa: "oksijeni vizimba", "kichocho shuleni", "bei dagaa". Pembeni andika saa anayopokea. Wengi wanaofanya kazi ziwani hawashiki simu asubuhi.