Je, wajua kwa nini prosesa hupakwa pesti kabla ya kufungwa kipoza?

Prosesa ni ile chipu kuu ya kompyuta, na kipoza ni kifaa cha chuma na feni kinachokaa juu yake kuondoa joto. Geuza kipoza kipya utazame uso wake wa chini. Shaba imesuguliwa mpaka inang'aa. Lakini ukiifunga hivyo hivyo bila pesti, ule ute mzito wa kijivu unaouzwa kwenye bomba la sindano, kompyuta itachemka. Inakuwaje, na shaba ni bingwa wa kupitisha joto?

Tatizo ni hewa. Uso unaoonekana laini una vibonde na mikwaruzo midogo mno, na kifuniko cha prosesa nacho kina vyake. Vikikutana, vinagusana kwenye vilele tu, kwingine kote inabaki hewa. Kwa kipimo cha wati kwa mita kwa nyuzi, shaba hupitisha joto kwa 400 hivi, hewa 0.026 tu. Pesti mara nyingi hutajwa kuwa na 4 hadi 12. Kwa hiyo ikilinganishwa na shaba ni dhaifu sana, ila inaishinda hewa zaidi ya mara mia. Kazi yake ni kuziba vibonde basi. Ndiyo maana kupaka nyingi hakusaidii: tone la ukubwa wa njegere katikati linatosha, mkandamizo wa kipoza utalisambaza.

Niliwahi kufungua kompyuta ya jirani yangu iliyokuwa ikijizima kila akianza kuhariri video. Pesti ilikuwa imekauka, inabanduka magamba magamba kama rangi ya ukuta uliokula chumvi. Nikaifuta kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, nikapulizia vumbi lote nje, nikapaka mpya. Feni ni ile ile ya zamani, na kujizima kukaisha. Jaribu hilo kwanza kabla hujatoa pesa ya kipoza kipya.

Ikibidi kununua, angalia mirija ya shaba inayopanda kwenda kwenye mapezi, yaani vile vibati vyembamba vinavyopulizwa na feni. Ndani yake kuna maji kidogo, na hewa imenyonywa, kwa hiyo maji huchemka hata kwa joto dogo. Mvuke unakimbilia kwenye mapezi, unapoa, unarudi kuwa maji, na maji yanarudi chini kupitia utando unaonyonya kama utambi wa taa. Hakuna pampu wala umeme. Mimi huo ubunifu bado unanishangaza.

Pima pia kasha la kompyuta yako. Kipoza kikubwa kama Noctua NH-D15 kina kimo cha milimita 165, na makasha mengi madogo hayafungi mlango kikiwa ndani. Tena soma majaribio ya vipoza kwa kuzingatia hali yetu ya hewa: kipoza cha feni hakiwezi kushusha joto chini ya lile la chumbani. Kilichopata nyuzi 65 kwenye chumba cha nyuzi 22 kitakupa kama 75 Dar es Salaam, chumba kikiwa na 32.

Kwenye kutoa cha zamani, tulia. Prosesa za kampuni ya AMD za soketi ya AM4 (soketi ni kitako cha prosesa kwenye ubao mama) zina pini chini yake, na pesti iliyoganda inaweza kuinyofoa prosesa pamoja na kipoza, pini zikapinda. Washa mashine dakika chache ipate joto, izime, chomoa waya wa umeme, kisha zungusha kipoza kidogo kushoto na kulia ndipo ukiinue. Kipya kifunge skrubu kwa mkingamo, kila moja mizunguko michache kwa zamu, ili kisilale upande mmoja.

Ukishachomeka waya wa feni, washa uingie BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, utazame nyuzi za prosesa. Zikipanda mbio kuelekea 90 na hujafungua programu yoyote, zima mara moja ufungue tena. Mara nyingi utaikuta ile karatasi ya plastiki ya kiwandani bado imebandikwa chini ya kipoza.