Saratani ya matiti: kabla ya kwenda kliniki, waulize wakubwa wa ukoo

Mwanamke anayehudhuria kliniki ya walio katika hatari kubwa ya saratani ya matiti mara nyingi hana uvimbe wala maumivu. Amefika kwa sababu mama, dada au shangazi aliugua, au yeye mwenyewe alitibiwa kwa mionzi kifuani kabla ya kutimiza miaka 30. Hajaugua, na tunataka alielewe hilo tangu siku ya kwanza.

Kabla hujapanda daladala kwenda hospitali ya Ocean Road au Muhimbili, Dar es Salaam, kaa na wakubwa wa ukoo. Uliza nani aliugua, saratani ya wapi, na aligundulika akiwa na umri gani. Wengi hututajia umri wa kufariki, na hapo hesabu inaharibika, kwa sababu kwa kawaida uchunguzi wa binti huanza miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligundulika. Mama aligundulika akiwa na miaka 42? Binti aanze akiwa na 32.

Uliza na upande wa baba. Hitilafu katika BRCA1 na BRCA2, jeni ambazo zikiharibika hatari ya saratani ya matiti hupanda, hurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama, na kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi moja kati ya mbili ya kuipata. Bibi zetu wengi hawakuambiwa neno saratani. Utasikia "kidonda cha ziwa kisichopona" au "tumbo lilijaa maji". Yaandike hivyo hivyo. Hilo la pili huenda lilikuwa saratani ya mayai ya uzazi, ambayo hufuata jeni hizo hizo.

Kama ndugu aliyeugua yu hai, ni vyema damu yake ipimwe jeni kwanza. Ukipimwa wewe mzima peke yako na hitilafu isionekane, hatujui kama umeikwepa au kama ya ukoo wenu ni nyingine tusiyoipima.

Mwenye hitilafu hiyo hushauriwa MRI (picha ya matiti inayopigwa kwa sumaku) kila mwaka kuanzia miaka 25, na mamogramu (eksirei ya matiti) kuanzia 30. Matiti ya kijana yana tishu nzito inayotokea nyeupe kwenye mamogramu, na uvimbe nao ni mweupe, hivyo hujificha humo. Panga kipimo wiki moja baada ya hedhi kuanza, matiti yakiwa hayajajaa. Siku hiyo usipake poda wala dawa ya kuzuia jasho kwapani: chembe zake huonekana kama vidoa vya chokaa, ukaitwa tena bure. Vaa blauzi na sketi ili uvue juu tu, dera liache nyumbani. Picha za zamani zije zote, maana badiliko dogo huonekana kwa kulinganisha.

Zipo pia njia za kupunguza hatari: vidonge vya tamoksifeni, kwa kawaida miligramu 20 kila siku kwa miaka 5, isipokuwa kwa mjamzito au aliyewahi kupata damu iliyoganda kwenye mishipa, au upasuaji wa kuondoa matiti yote mawili, ambao kwa mwenye hitilafu hupunguza hatari kwa takriban asilimia 90. Hakuna anayelazimishwa.

Uvimbe mpya, ngozi iliyobonyea au chuchu inayotoa damu visisubiri tarehe ya kliniki. Njoo wiki hiyo hiyo. Na ukiambiwa kinyama (kipande kidogo cha titi cha kupimwa) kitachukuliwa kwa sindano, usikimbie kwa kuhofia kwamba sindano husambaza saratani; bila kinyama hicho daktari hawezi kuchagua tiba.