Nyimbo za Krismasi za Kuanzia Ukulele Nyumbani

Kila Desemba, kabla sijafunga safari ya kutoka Kisumu kwenda nyumbani Vihiga, hupitia nyimbo ambazo wapwa zangu wataniomba niwafundishe, nami huanza kwa kufuta nyingi. Anayeshika ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne, kwa mara ya kwanza hatatizwi sana na wingi wa kodi (za muziki, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si za nyumba). Kinachomshinda ni kasi ya kuzibadilisha.

Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza ni muda ambao kodi ya mwanzo hukaa kabla ya kuhama. Kiitikio cha “Jingle Bells”, wimbo wa James Pierpont uliochapishwa mwaka 1857, hutulia kwenye kodi ya C kwa vipimo vinne kamili (kipimo ni fungu moja la mapigo), na C yahitaji kidole kimoja tu, cha pete, kwenye freti ya tatu (nafasi kati ya vyuma vya shingoni) ya uzi wa A. Hufuata F ya vidole viwili, kisha G7 ya vidole vitatu. Wengi huchomeka D7 katikati. Mimi huweka G7 mahali pake, na sijaona aliyelalamika. Koo nalo haliumii, kwani kiitikio chote hakivuki noti tano. Maneno yake ni ya theluji na kigari cha farasi, na Krismasi haitajwi hata mara moja, lakini watoto hawajali.

“Usiku Mtakatifu” una hesabu nyingine. Franz Xaver Gruber aliutungia sauti huko Austria mwaka 1818, ukaimbwa kwa gitaa, na mpaka leo kodi tatu zautosha, nyingi zikikaa vipimo viwili vya mapigo matatu. Ugumu uko kwenye sauti: kutoka chini hadi juu ni noti kumi na moja, na tukiuimba katika ufunguo wa C, kilele hufika noti ya F, ambapo nyanya hunyamaza na wajomba hukemea badala ya kuimba. Mimi huushusha hadi ufunguo wa G. Kodi ya G hudai vidole vitatu, kwa hiyo aliye na ukulele wa pili, ambaye kwa kawaida ndiye mdogo zaidi, hupewa C peke yake, akangoja zamu yake.

“Joy to the World” huuacha, maana kodi zake huanza kukimbizana kabla mstari wa kwanza haujaisha.

Nyuzi mpya za nailoni hulegea, hasa baada ya safari ya matatu, basi hurekebisha sauti za nyuzi zote nne, G, C, E na A, kila wimbo unapoisha, hadi zitulie.