Theremini ya Zamani: Kabla ya Kushika Bisibisi

Tangu makumbusho yetu yaanze kuazimisha ala za umeme za zamani kwa vyuo na bendi, malalamiko mengi yanayoletwa kwenye kitengo cha uhifadhi yanahusu theremini, ala inayopigwa bila kuguswa, kwa kusogeza mikono karibu na fimbo na kitanzi, na karibu yote yanasema ala imeharibika. Mara nyingi tukiipima tunaikuta nzima.

Leon Theremin aliibuni Urusi karibu mwaka 1920, akapata hataza ya Marekani mwaka 1928, na kampuni ya RCA ikatengeneza takriban 500 kuanzia 1929. Maelezo haya ni ya hizo za RCA zenye valvu, yaani taa za kioo za umeme zilizotumika kabla ya transista.

Kwa wanaodhani ala hii huona mkono au hunasa stesheni za redio, tunarudia: haifanyi hivyo. Ina osileta mbili, yaani sakiti zinazotoa mitetemo ya umeme, zenye masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya juu yasiyosikika. Moja haibadiliki, nyingine imeungwa na fimbo ya kulia, na mkono ukikaribia, masafa yake hushuka. Moja ikiwa hertz 170,000 na nyingine 169,560, spika hutoa tofauti yao, yaani 440, noti ya La. Mwili wa mpigaji umo ndani ya sakiti. Ndiyo maana kuirekebisha ukiwa umeinama nyuma ya kabati lake ni kupoteza muda.

Iweke mbali na ukuta, mabomba na makabati ya chuma, na wasikilizaji wasiikaribie. Waya wa ethi uwe umeunganishwa. Iwashe, iache kama nusu saa valvu zipate moto, maana kabla ya hapo mlio utahama peke yake na utahangaika bure. Kisha simama pale utakapopigia, mkono wa kulia uurudishe begani, na uzungushe nobu ya mlio polepole hadi sauti ishuke kwenye besi, ikatike kabisa. Sasa sogeza mkono kwenye fimbo: sauti lazima ipande. Ikishuka, umevuka kimya ukaingia upande wa pili, rudisha nobu. Mkono wa kushoto ukikaribia kitanzi, sauti hupungua. Wanaosema "haitoi sauti kabisa" wengi wameuegemeza mkono hapo.

Miguu itulie. Clara Rockmore, mpigaji mashuhuri kuliko wote wa ala hii, alisimama bila kutikisika, kwa sababu hata kichwa kikigeuka noti inahama.

Kuhusu umeme hatuna mjadala. Ala za soko la Marekani zilitengenezwa kwa volti zipatazo 110. Anayeipeleka Nairobi au Dar es Salaam, kwenye volti 230 au 240, atumie transfoma ya kushusha, si adapta ya plagi. Ndani mna volti mia kadhaa, na kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Iliyokaa stoo miaka mingi isiwashwe kabla fundi wa valvu hajapima kapasita.

Maombi ya kuazima huwasilishwa siku 30 kabla ya tarehe ya matumizi, nakala mbili, zote zikiwa na saini ya mkuu wa taasisi; picha ya lebo ya nyuma hupigwa siku ya makabidhiano na kuambatishwa hapo. Nakala moja hubaki na ala muda wote, hata ukumbini. Mfuniko wa nyuma una lakiri. Lakiri ikikatwa bila kibali cha maandishi, dhamana haitarudishwa na taasisi haitaazimishwa ala yoyote kwa miezi 12, hata kama kilichobadilishwa ni fyuzi peke yake. Kibali cha simu si kibali. Tunafahamu wengi hufungua kwa nia njema ya kusaidia, lakini koili iliyosogezwa na bisibisi huharibu mpangilio wa noti wa mwaka 1929 ambao hatuna njia ya kuurudisha ulivyokuwa.

Mpigaji mwingine akipokea zamu, au ukumbi ukijaa watu, rudia hatua ya nobu tangu mwanzo kabla ya kutupigia simu.