Paka anatoka udenda: tatizo liko wapi?

Paka wangu anadondosha udenda nikimpapasa. Anaumwa?

Kama anafanya hivyo huku anakoroma kwa raha, na ukimwacha udenda unakatika, hana shida. Wapo paka wa hivyo maisha yao yote. Paka aliyenyweshwa dawa chungu naye hutoa povu jingi, lakini huisha baada ya dakika chache. Wa kumtilia shaka ni yule aliyeanza ghafla au asiyekauka: kidevu kimelowa, na manyoya ya miguu ya mbele yamegandamana kwa sababu kila saa anajifuta.

Anakimbilia sahani, ananusa, halafu anarudi nyuma. Hana njaa?

Njaa anayo, mdomo ndio unaomuuma. Utamwona anatafuna upande mmoja, anadondosha tonge, au anapiga kelele akipiga mwayo. Chanzo cha kawaida ni fizi. Ugaga wa njano au kahawia hujijenga kwenye magego ya juu, upande wa shavuni. Fizi inavimba, inatoa damu na kunuka, mwisho jino linalegea.

Kuna jino linalolika lenyewe karibu na mstari wa fizi. Kwa macho utaona kidoa chekundu tu, lakini maumivu yake ni makali na tiba yake kwa kawaida ni kung'oa. Kuna pia uvimbe wa kinywa kizima, hasa nyuma karibu na koo, ambapo kinga ya mwili inapigana kupita kiasi. Paka wengi wa aina hii hupata nafuu baada ya kung'olewa magego yote. Watu husikitika wakisikia hivyo, ila paka asiye na magego anakula vizuri kuliko mwenye magego mabovu. Kazi hiyo hufanywa kwa nusu kaputi. Kununua antibayotiki dukani na kumchoma kila mwezi ni kupoza tu. Ugaga na jino bovu bado vipo palepale.

Paka mdogo wa miezi 3 hadi 6 anabadilisha meno, kwa hiyo damu kidogo isikutishe.

Chakula chake ni vichwa vya samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam. Inawezekana ni mwiba?

Inawezekana sana. Mwiba hukwama kati ya magego au kukaa mkingamo kwenye kaakaa. Dalili ni ya ghafla: jioni alikuwa mzima, asubuhi anajikwangua mdomo kwa kucha na kutikisa kichwa. Chemsha samaki, nyambua minofu, miba tupa.

Kwa paka anayeishi kwa fundi cherehani jambo baya zaidi ni kumeza uzi. Unajizungusha chini ya ulimi, ncha nyingine inashuka tumboni. Usiuvute, maana unaweza kukata utumbo.

Nitamwangaliaje mdomoni bila kung'atwa?

Mviringishe kwenye taulo, kichwa kibaki nje. Kwa mkono mmoja mshike kichwa kwa juu, kidole gumba na cha shahada vikae nyuma ya chonge, inua pua ielekee dari. Kwa kidole cha mkono wa pili sukuma taya la chini kwenye meno madogo ya mbele. Ukibonyeza taratibu chini ya kidevu, kati ya mifupa ya taya, ulimi unanyanyuka na unaona chini yake. Fizi nzuri ni ya waridi. Ikiwa nyeupe, ya bluu au ya kahawia, acha kuchunguza na umwahishe kwa daktari wa mifugo.

Inaweza kuwa sumu?

Ndiyo, na nyingi zinatoka mikononi mwetu. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemetrini humfanya paka atoe mate, atetemeke, hata adegedege. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha mpeleke. Dawa za kunguni na za kupulizia mboga huleta udenda mwingi, mboni ndogo na kuharisha. Nusu kidonge cha parasetamoli cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka wa kilo 4: damu yake inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinakuwa za kahawia, uso unavimba. Wakati wa masika, chura naye anahusika. Paka akimng'ata anatoka povu papo hapo. Mfute mdomo kwa kitambaa chenye maji.

Usimtapishe wala kummiminia maziwa au mafuta. Hayaondoi sumu, na yakiingia kwenye mapafu unakuwa na matatizo mawili.

Ana mafua na vidonda kwenye ulimi.

Huenda ni virusi vya mafua ya paka. Mtenge na wenzake, msafishe pua, mpe chakula laini kilichopashwa moto kidogo ili anuse. Siku mbili bila kula zisipite: paka, hasa mnene, ini lake huharibika akishinda njaa.

Na kichaa cha mbwa?

Paka hukipata pia. Udenda ukiambatana na taya kulegea, sauti kubadilika, kuyumba au ukali usio wa kawaida, usimfungue mdomo. Mfungie chumbani na uite daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa au kuparuliwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Asisubiri kuona paka atakuwaje. Paka wako achanjwe kuanzia miezi 3.

Kliniki niende na nini?

Kadi ya chanjo, picha au video ya anavyokula, na kopo au pakiti ya dawa yoyote iliyotumika nyumbani wiki hiyo, hata ya mbu. Paka mzee anayetoa udenda, anakonda na kunywa maji mengi, omba apimwe figo. Mwenye uvimbe upande mmoja wa taya au chini ya ulimi asicheleweshwe, kwa kuwa saratani ya mdomo ni ya kuwahi.