Ghorofa za msitu wa mvinje: ndege wanataka nini chini ya miti ya kupandwa

Chukua "sindano" moja ya mvinje uivute polepole. Itakatika kwenye vifundo, na kila kifundo kina vijimeno vidogo vilivyozunguka kama taji. Hivyo vijimeno ndivyo majani yenyewe. Sindano ni kijitawi. Mvinje basi si ndugu wa msonobari, ingawa wengi hapa Mombasa huichanganya. Kwa ndege, hata hivyo, miti hii ina upungufu mmoja. Yote huchavushwa na upepo, kwa hiyo haina maua ya asali kwa chozi wala tunda laini kwa shore. Sindano zake nazo hutandaza zulia nene lisilooza upesi, miche mingine ikakosa pa kuotea. Msitu ukabaki na ghorofa moja tu, ya juu.

Ndege hugawana msitu kwa ghorofa. Kororo hupekua majani makavu chini, shore hutafuta vichaka, mramba hukaa tawi la wazi akivizia wadudu, na hondohondo anahitaji tundu la mti mkubwa ili azalie. Ghorofa ikikosekana, wenyewe hawaji, hata miti iwe mirefu namna gani.

Bamburi, kaskazini mwa mji wa Mombasa, inaonyesha jinsi zulia hilo la sindano linavyovunjwa. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya mawe ya saruji. Kati ya aina 26 alizojaribu, tatu ndizo zilizostahimili, mvinje ikiwemo. Sindano zilirundikana hadi alipoleta jongoo. Jongoo walizila, kinyesi chao kikawa udongo, na miti mingine ikapata pa kushika mizizi.

Mwenye shamba la mvinje hahitaji machimbo. Ukipanda kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, una miti 2,500 kwa hekta, na vilele vikigusana jua halifiki chini. Punguza, ukianza na miti iliyodumaa, lakini usizidishe theluthi moja kwa mkupuo mmoja: kwenye udongo haba juu ya mawe ya matumbawe mizizi ni ya juujuu, na kusi ikivuma huangusha iliyobaki. Acha nafasi chache za mita 10 hivi, upande mkuyu au mzambarau. Ndege watakaokuja kula watadondosha mbegu za vichaka bila gharama yako. Mwarobaini ung'oe ungali mche, maana ndege hao hao huusambaza nao hujaa haraka. Mti mfu usiohatarisha nyumba wala njia uache umesimama. Kigogota huuchimba, na tundu akilihama hurithiwa na wengine. Na ufagio, jamani, uachwe nyumbani: anayefagia chini ya miti kila asubuhi anafagia chakula cha ndege.

Kujua kama kazi inafaa, hesabu. Chagua vituo vilivyoachana mita 200, usije ukamhesabu ndege mmoja mara mbili. Fika kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, tulia dakika 2, kisha andika kwa dakika 10 kila unayemwona au kumsikia ndani ya mita 25. Hapo hapo kadiria uoto wa kila ghorofa: chini ya mita 1, mita 1 hadi 3, 3 hadi 8, na juu yake. Siku ya upepo rudi nyumbani, kwani mvinje huvuma kama bahari na sauti ndogo hazisikiki. Hesabu ya Januari usiilinganishe na ya Julai. Wakati wa kaskazi kuna wageni waliotoka Ulaya na Asia.

Kunguru wa Bara Hindi, yule mwenye shingo ya kijivu, mwandike ukurasa wake. Hula mayai na makinda ya wenzake, kwa hiyo jumla ya daftari yaweza kupanda huku viota vya shore vikiisha.