Chura wa Ujiji: uongo tuliokua nao kuhusu Celica GT-Four

Kama umekulia Kigoma miaka ya tisini mwishoni, upande wa Mwanga au Ujiji, kuna gari moja, Toyota Celica nyeupe, lazima unaikumbuka. Ilikuja kwa treni, imefungwa kamba juu ya behewa la wazi mpaka mwisho wa reli, na siku inashushwa pale stesheni mvua inanyesha na watoto tumejaa kama siku ya kupokea Mwenge. Mwenye nayo alikuwa mzee wa Ujiji mwenye biashara zake, simtaji, wenyewe mnamjua. Taa zake zilikuwa zinalala ndani ya boneti, akiwasha zinaamka zote mbili kwa pamoja, basi tukaiita Chura na jina likagoma kutoka.

Sasa juzi tumekaa Kibirizi na washkaji tunakula migebuka, ubishi wa Chura ukaamka tena, watu wazima na vitambi vyao wanabishana vile vile kama mwaka 1998, na nusu ya yanayosemwa ni uongo. Nimeona niandike niyamalize.

"Kila Celica ni gari ya rali."

Hapana bwana. Celica nyingi zilizoingia Bongo ni za kawaida tu, zinavuta kwa tairi za mbele na hazina tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini iongeze nguvu. Ile yenye damu ya rali ni GT-Four, na yapo matoleo matatu: ST165 iliyoanza 1986, ST185 iliyoanza 1989, na ST205 iliyoanza 1994 mpaka 1999. Ukitaka kumaliza ubishi fungua boneti usome kibati cha chesi. Ukikuta ST182 au ST202 basi hiyo ni Celica ya kutembelea, hata kama jamaa kabandika stika za rali ubavuni na katoboa boneti kaiwekea pua. Ya mzee ilikuwa ST185 halisi. Nilikuja kukisoma kile kibati mwenyewe baada ya miaka mingi, gari imeshaegeshwa chini ya mwembe, kutu imekila mpaka nikakisugua kwa kidole chenye mate ndo namba ikatokea.

"Ya macho manne ndo iliyobeba Safari Rally."

Hapa ndo watu wanaponiudhi. Macho manne ni ST205, ile yenye taa nne za mviringo, na kweli ni nzuri, ina nguvu za farasi 255 kwa toleo la Japani wakati ST185 ilikuwa na 225. Kwa hiyo kila mtu anajua kichwani mwake kwamba hiyo ndo ilikuwa mfalme, na Chura wetu alikuwa mdogo wake aliyeshindwa. Kinyume chake kabisa! Safari ya 1992 ameshinda Carlos Sainz, 1993 Juha Kankkunen, 1994 Ian Duncan ambaye ni Mkenya wa hapo hapo jirani, 1995 Mjapani Yoshio Fujimoto, na wote hao wanne walikuwa na ST185. Miaka minne mfululizo, gari ya macho ya chura. Tena ile ya 1993 Celica zilimaliza namba moja, mbili, tatu na nne, wengine wote wakala vumbi. 1990 alishinda Björn Waldegård na ST165, na 1991 tu hapo katikati ndo Kankkunen alikuwa upande wa pili na Lancia Delta akawanyang'anya.

Ubingwa wa dunia nao hivyo hivyo. Sainz 1990 na ST165, kisha 1992 na ST185, Kankkunen 1993, Didier Auriol 1994, ST185 zote hizo. ST205 ilipoingia 1995 ilipata ushindi mmoja tu wa mashindano ya dunia, kule Corsica, alishinda Auriol, basi. Mmoja! Lakini kwa sababu ndo iliyokuwa kwenye magemu ya kompyuta na kwenye mabango ya saluni za kunyolea, ikabeba sifa za kaka yake. Nakumbuka gazeti lililofungia vitumbua mama alivyonunua lilikuwa na picha ya Celica imejaa tope mpaka kwenye vioo, bomba la kupumulia limesimama pembeni ya kioo cha mbele, nikalikata nikalibandika ukutani na mafuta yake. Macho ya chura.

Na kwa wale wanaosema bila fowili, yaani kuvuta kwa tairi zote nne, Toyota asingeonekana Safari, Celica za 1984, 1985 na 1986 zilishinda zote tatu na zilikuwa zinasukuma kwa tairi za nyuma tu. Waldegård, Kankkunen, Waldegård tena.

"Ya dukani ni ile ile ya rali, wametoa stika tu."

Hii ina ukweli nusu ndo maana haifi. Sheria za wakati ule za Kundi A zilisema ukitaka gari ishindane lazima kwanza utengeneze 5,000 za kuuzia watu wa kawaida, baadaye, 1993, wakashusha ikawa 2,500. Ndo maana Toyota walitoa ST185 maalumu 5,000, nje ya Japani nyingine zikauzwa kwa jina la Carlos Sainz, na baadaye ST205 maalumu 2,500. Hawakuwa wanatupenda sana, walikuwa wanatimiza hesabu. Hizo 2,500 zilikuja na vitu ambavyo mtu wa barabarani hana kazi navyo, kama mfumo wa kupulizia maji kwenye intakula, kile kipozeo cha hewa ya tabo, ili hewa ipoe, na mabomba ya ule mfumo wa kulipua mafuta kwenye egzosi ili tabo isilale ukitoa mguu. Mabomba yapo ila hayafanyi kazi, yamewekwa tu sheria itimie. Kwa hiyo yule jamaa wa Gungu aliyeapa kwamba Chura alikuwa anatoa moto nyuma akishuka mteremko wa Mwanga, kaka, ule ulikuwa moshi.

Gari yenyewe ya rali ilivuliwa kila kitu ndani ikajazwa mabomba ya chuma, ikanyanyuliwa, ikafungwa sinia la chuma chini ya tumbo na ng'ombe ya chuma mbele kwa ajili ya wanyama. Kinachochekesha ni kwamba injini yake ilikuwa imebanwa pumzi kisheria. Kwenye mdomo wa tabo kuna pete yenye tundu dogo, 1995 lilikuwa milimita 34, ili magari yasipite nguvu fulani. Na hapo ndo inapoingia ile hadithi nyingine.

"Toyota walifungiwa kwa sababu Celica ilikuwa haramu."

Celica haikuwa haramu, kilichokuwa haramu ni ile pete. Kwenye rali ya Catalunya, Hispania, 1995, wakaguzi waligundua kwamba ukiifunga pete mahali pake, kuna springi zinaisogeza nyuma kama milimita tano hivi, hewa inapita pembeni yake, na ukiifungua uikague inarudi yenyewe inakaa kama malaika. Yaani fundi aliyebuni ile kitu angezaliwa Kigoma tungempa mke bure. Hata wakubwa wa FIA, shirikisho la mashindano ya magari duniani, walikiri hawajaona ujanja wa namna ile. Wakafutiwa pointi zote za mwaka na wakafungiwa miezi 12. Ya kwako ya dukani haina hiyo kitu, usianze kumtuma fundi aitafute.

"Injini ya 3S ni pasua kichwa, kimbia."

Uongo huu umewapotezea watu magari mazuri. 3S ni ukoo, siyo mtu mmoja. Kuna 3S-FE, hii ndo ya Corona na Carina na RAV4 za zamani, injini mvumilivu kama punda. Kuna 3S-FSE, ndo D4 yenyewe mnayoisikia, inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, hiyo imewaliza wengi hasa ikikutana na mafuta machafu na fundi wa kubahatisha. Halafu kuna 3S-GTE ya GT-Four, bloku ya chuma, valvu 16, tabo. Mtu anaumwa na D4 kwenye Vista yake, anakuja kumtukana 3S-GTE ambaye hawajawahi hata kusalimiana.

Kula mafuta? Inakula, sibishi. Ina tabo, unategemea ile ugali mmoja?

"Mzee anaiacha inaunguruma msikitini kujionesha."

Hii tuliisema sana na ninaona aibu. Alikuwa akifika anaegesha, anakaa ndani dakika moja mbili gari inaunguruma taratibu, sisi nje tunanong'ona huyu mzee anajidai huyu. Kumbe tabo inazunguka kwa moto wa egzosi, inakuwa imeiva vibaya mno, na kinachoipoza ni oili na maji yanayozunguka. Ukizima ghafla baada ya kukimbiza, oili inasimama mle ndani, inaungua inakuwa mkaa, na siku moja tabo inakufa unaona moshi wa bluu. Mzee alikuwa anajua. Mwanawe alipoichukua hakuwa anajua, na moshi wa bluu tuliuona.

"Ni fowili, inapita popote."

Huyo huyo mwanawe. Masika, anaenda Kasulu na wenzake wanne, barabara ya udongo mwekundu wa wakati ule, akaambiwa usiende na hiyo akajibu hii imeshinda Safari hii. Alikwama kabla hajafika mbali, gari imekaa kwa tumbo tairi zote nne zinazunguka hewani kama kuku aliyechinjwa, ikaja kuvutwa na lori la maharage kwa kamba ya katani, na kipande cha bampa kikabaki huko. Fowili ya GT-Four ni ya muda wote na katikati ina difu inayogawa nguvu mbele na nyuma yenyewe, imetengenezwa ikushike kwenye kona na kokoto ukiwa na spidi. Haina gia ya kutambaa kama Land Cruiser, na iko chini. Zilizopita matope ya Safari ni zile zilizonyanyuliwa, na hata hizo zilikuwa na helikopta juu inawaangalizia njia na timu nzima ya mafundi inafukuzana nazo.

"Safari ni ya Kenya, sisi haituhusu." Ilianza 1953 na ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, imekuwa ya Kenya peke yake tangu miaka ya sabini. Nisipoteze muda hapo.

Na la mwisho, kwamba GT-Four zimekwisha, kwa sababu Celica iliyofuata, ya 1999 mpaka 2006, haikuwa na GT-Four kabisa. Kweli kwa upande wa Celica. Ila ile 3S-GTE haikufa, Toyota waliihamishia kwenye Caldina, kwanza ST215 halafu ST246 ya 2002 mpaka 2007, tabo na fowili yake yote, na hiyo ST246 wakaiita GT-Four kabisa kwenye jina.

Ndo maana siku ile Kibirizi nilinyanyuka mezani. Kulikuwa na Caldina ya kijivu imepaki karibu na mitumbwi, ina tundu la hewa kwenye boneti, nyuma imelala kwa uzito wa magunia ya dagaa. Nikamuomba jamaa afungue. ST246. Nikamuuliza kaka unajua una gari gani hapa, akaniambia najua, inakula mafuta kama nini sijui, ukipata mteja niambie nikatafute Noah.